Tiketi Mbili za Mzee Nandonde

Nyinyi mnaonunua tiketi za ndege mkiwa mmelala chali kitandani, simu juu ya kifua, hebu inukeni mkae kitako kidogo. Tangu nistaafu na kuhamia moja kwa moja huku Kibamba, kwenye kuku wangu na migomba yangu mitatu, haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya safari yake. "Shikamoo mama Perpetua, hebu niangalizie hii." Naangalia. Tiketi ya kwanza inafika saa nne. Ya pili, ya shirika jingine kabisa, inaondoka saa tano. Nauliza, na begi je? Ananijibu kwa kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Nashika kichwa, kwa sababu niliuza tiketi za ndege miaka thelathini na kitu, Kinondoni, Temeke, kisha Kinondoni tena, na kicheko cha namna hiyo nakijua kinaishia kaunta gani.

Kwa hiyo naandika mara moja tu, msome wote, mniache nilishe kuku.

Ukinunua tiketi moja yenye ndege mbili ndani yake, shirika limekubali kukubeba kama mzigo wake. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, umeajiri watu wawili wasiojuana na wasiotaka kujuana. Wa kwanza akichelewa, wa pili anafunga mlango na kuondoka, na hajakukosea chochote. Ukienda kulia kaunta watakupa pole, na pole haina namba ya kiti. Siwalaumu kwa kuzinunua, maana mara nyingi ndizo zenye bei inayolipika, na mimi mwenyewe nimeziuza nyingi. Kazi yangu ilikuwa kuziuza kwa namna ambayo mtu anafika.

Aliyenifundisha namna hiyo ni Mzee Sadala, mwenye ofisi yetu ya Kinondoni: chumba kimoja juu ya duka la dawa, feni moja, na ukutani kalenda za mashirika ya ndege ambayo mengine yalishakufa zamani. Siku hizo tiketi tuliziandika kwa mkono, vikaratasi vyembamba vyenye kaboni, ukikosea herufi moja unaanza upya. Mimi nilitoka Tukuyu nimesoma na nilikuwa najisikia. Wiki ya kwanza tu nikamtengenezea mteja safari ya tiketi mbili, zinapishana kwa saa moja na dakika kumi, nikaipeleka mezani kwa Mzee Sadala nikisubiri sifa. Akavua miwani.

"Perpetua, hizi ni saa za karatasi au saa za miguu?"

Sikumwelewa. Kesho yake asubuhi akanikabidhi sanduku, na lilipokaribia kuning'oa bega nikalifungua nikaona matofali manne yamefungwa vizuri kwenye kanga. Akaniagiza niende uwanja wa ndege, nianzie mlangoni kwenye jengo la zamani la ndege za ndani, niburute sanduku hilo mpaka jengo la ndege za nje, nipange foleni na watu, nifike kaunta, nitazame saa. Akasisitiza nivae viatu vyangu vya ofisini, vile vya kisigino kirefu, kwa kuwa abiria nao huvaa wanavyotaka.

Nilifika salama mpaka kwa askari wa ukaguzi. Akatazama kwenye mashine yake, akasimamisha mkanda.

"Dada, unasafiri na matofali?"

"Ndiyo, kaka."

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Niliwaeleza wote watatu habari za Mzee Sadala, na kila mmoja alitaka nianze mwanzo. Niliporudi ofisini kisigino kimoja kilikuwa mkononi. Mzee Sadala akauliza, "Ngapi?" Nikamjibu saa mbili kasoro dakika tano. "Pamoja na askari?" Nikasema pamoja na askari. Akaandika kwenye daftari lake. "Hizo ndizo saa za miguu. Askari yupo kila siku, ila kila siku anauliza jambo jingine." Mpaka leo huwa natembea na bega la kulia limeshuka kidogo, na watoto wangu wanadhani ni uzee.

Basi shikeni hesabu yake. Msianze kuhesabu ndege inapotua. Anzeni pale mguu unapokanyaga nje ya jengo, begi likiwa mkononi. Wala msihesabu mpaka ndege ya pili inaporuka, hesabuni mpaka kaunta yake inapofungwa, ambayo kwa safari za nje hufungwa saa nzima kabla, wengine hata zaidi. Zile saa tatu mlizozifurahia kwenye simu zimeshakuwa moja na nusu, na hapo hamjaenda chooni. Chukueni ndege ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu hiyo imelala palepale uwanjani, wakati ile ya alasiri inabeba uchelewaji wa siku nzima. Safari ya pili jiandikisheni kwenye mtandao kabla hamjatoka nyumbani, mtoke na karatasi ya kupandia mfukoni. Na begi, jamani, begi liwe la mkononi.

La begi nililijua kwa Mwalimu Tabu wa Kimara. Nilimuuzia tiketi mbili za kwenda Kampala kupitia Nairobi, alikuwa anakwenda kusoma mada kwenye mkutano wa walimu. Muda niliupanga vizuri, ila nilisahau kumwambia kwamba begi lake limeandikiwa kuishia Nairobi, alifuate mwenyewe pale, atoke nalo, alikabidhi upya. Yeye akadhani linajua njia. Alipanda ndege ya pili, begi likabaki Nairobi linazunguka kwenye mkanda. Aliporudi alikuja ofisini akakataa kiti.

"Dada Perpetua, nimesoma mada mbele za watu nimevaa gauni la mwenyeji wangu. Mwenyeji wangu mwembamba. Mie unaniona."

Mzee Sadala aligeukia kalenda zake, mabega yanamtikisika. Niliomba radhi mpaka Mwalimu Tabu akakaa, na alipokaa akaanza kucheka mwenyewe, akatueleza alivyosoma kurasa kumi na mbili bila kuinua mkono hata mara moja. Tangu siku hiyo kila abiria wangu wa tiketi mbili nilimlazimisha anitamkie kwa mdomo wake begi linaishia wapi.

Mnaona, nilikuwa nimeiva. Ninayotaka kuwasimulia sasa yalinikuta nimeshaiva, Mzee Sadala ameshatangulia mbele ya haki, ofisi naiendesha mimi, na uwanja una jengo jipya kubwa la safari za nje. Wakati huo hakuna mtu aliyeweza kunifundisha kitu kuhusu kuunganisha ndege. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Binti mmoja aitwaye Zaituni alinipigia kutoka Maskati, anakofanya kazi. Anaolewa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na anamtaka baba yake awepo. Tiketi ya Dar kwenda Maskati ameshainunua mwenyewe huko, ile ya bei ya chini isiyobadilishwa wala kurudishwa, Alhamisi saa kumi na nusu jioni. Alichotaka kwangu ni kipande cha Mtwara mpaka Dar. Ndege iliyofuata ya shirika lile kwenda Maskati ilikuwa Jumapili. Baba akiikosa ya Alhamisi, harusi imempita.

Baba mwenyewe, Mzee Issa Nandonde, ni mchonga vinyago, na hakuwa amepanda ndege maishani. Nilipompigia alinieleza jambo lake bila kuzunguka. Kwa dini yao baba ndiye anayemwozesha binti, anamshika mkono bwana harusi na kutamka maneno. Binti yake wa kwanza aliozeshwa na mdogo wake, kwa sababu yeye alikuwa mbali, anachonga.

"Nilisimuliwa kwa barua, mwanangu. Mtoto wangu anaolewa, mie nasoma barua. Najua naweza kumwachia mtu kwa simu, watu wanafanya. Huyu wa mwisho sitaki. Huyu nataka mkono wa mumewe niushike mwenyewe, niupime. Nifikishe."

Kwa hesabu zangu njia salama ilikuwa aje Jumatano, alale Dar, Alhamisi aende uwanjani amepumzika. Nilipomwambia hivyo akakataa.

"Nikilala Dar, nitalala kwa dada yangu Somoe, Pugu. Nikilala kwa Somoe, harusi itakwisha sijatoka Pugu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote wa Dar kwamba anapita, akirudi atawaomba radhi mwenyewe. Basi nikampa ndege ya Alhamisi inayofika Dar saa tano asubuhi. Kaunta ya Maskati inafungwa saa tisa na nusu, kwa hiyo saa nne na nusu safi, za miguu. Nikamwandikisha kwenye mtandao, nikachapa karatasi yake ya kupandia na kumtumia Mtwara kwa basi. Nikamwambia begi moja la mkononi, akaitikia. Nikajipongeza kwa chai ya maziwa.

Jumanne ujanja wangu ukaanza kuniwasha. Mzee hajawahi kupanda ndege. Atatoka jengo la ndege za ndani, ahame mpaka jengo jipya, na vibao vya pale vimeandikwa kwa herufi za kutafutwa. Mimi Alhamisi ile nilikuwa na kundi la mahujaji asubuhi nzima. Kwenye fomu yake, mahali pa ndugu wa karibu, alikuwa amejaza namba ya Bi Somoe, kwa kuwa fomu ilimlazimisha ajaze. Mimi, mtu mzima, nikaipiga ile namba.

Niliongea kwa uangalifu. Nilisema naomba mtu mmoja tu, mwenye macho mazuri, ampokee mzee mlangoni na kumvusha jengo la pili. Mmoja tu, mama.

"Mmoja tu," akasema Bi Somoe kwa sauti ya upole kabisa. "Ahsante sana mwanangu kwa kutuambia."

Alhamisi ndege ya Mtwara ilichelewa kwa sababu ya mawingu, ikatua saa sita na nusu. Sikubabaika, tulikuwa bado na saa tatu. Saa saba nikampigia mzee nijue kama amefika kaunta. Akapokea, na nyuma yake nikasikia vigelegele.

"Mzee, uko wapi?"

"Nipo hapahapa."

"Hapahapa wapi?"

"Hapa kwenye gari."

"Gari gani tena, Mzee Nandonde?"

Kabla hajajibu, simu ikachukuliwa. "Mwanangu, usipate taabu," akasema Bi Somoe. "Tumempokea. Tunampitisha nyumbani mara moja, atie kitu tumboni, asomewe dua, tunamrudisha. Ndege si saa kumi na nusu? Sasa hivi saa saba."

Nikamwambia kaunta inafungwa saa tisa na nusu. Akaniuliza kama ndege inaondoka na kaunta. Nikataka kumweleza, akasema mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika.

Waliompokea walikuwa kumi na tisa, ndani ya kosta ya kukodi. Nieleweni vizuri, sikuwadharau, na sasa nawaelewa kuliko siku ile. Kaka mkubwa anapita mjini kwao, anakwenda kuozesha, halafu apite juu ya paa zao kimyakimya kama hawajazaliwa? Ingekuwa mimi huko Tukuyu, mama yangu mdogo angesimama mbele ya matairi. Hilo ndilo nililolikosea. Miaka yote nilihesabu foleni, askari, mabegi, mvua, na sikuwahi kuhesabu ukoo. Nilimchukua Bi Somoe kama kibao cha kuelekeza njia, kumbe ni dada wa mtu.

Nilifunga ofisi nikapanda bodaboda kutoka Kinondoni mpaka Pugu, sketi ya ofisini imepanda magotini, nimemkumbatia dereva nisiyemjua na kumhimiza kama namdai. Nilifika saa nane na dakika kumi. Uani kumetandikwa majamvi, sufuria la pilau limefunuliwa, na mzee mfupi mwenye kofia na mikono mikubwa ya kazi amekaa katikati, anatabasamu kwa wasiwasi. Nilimjua kabla hajasema neno. Aliponiona akainamisha kichwa, na mimi nikaona aibu kubwa, kwa sababu aliniomba jambo moja tu na sikulitunza.

"Shikamooni wazee wangu. Jamani, tunaondoka sasa hivi."

"Marahaba. Karibu, kaa, nawa mikono," akasema Bi Somoe. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, na kanga kaifunga kiunoni mafundo mawili.

"Mama, ndege itamwacha."

"Haitamwacha, hajala. Na shehe hajafika, yuko kwenye maziko hapo jirani, anakuja."

Vijana, nawapa ujuzi ambao hamtaupata kwenye simu yoyote: kwenye nyumba kama ile, kukataa chakula kunachukua muda mrefu kuliko kukila. Nilinawa, nikakaa, nikala pilau kwa kasi ambayo sijairudia tena, na mzee akanielewa, naye akafuata. Tulipomaliza nilisimama na kusema, mimi Mkristo wa Kibamba, kwamba dua inaweza kusomwa na mtu yeyote mzima aliyepo, na aliye juu atasikia hata bila shehe. Ua mzima ukanitazama. Kisha mjomba mmoja akasema, "Lakini kasema kweli huyu," akainua mikono, akasoma fupi. Saa tisa kasoro dakika kumi tukapanda kosta, wote, kwa sababu hakuna aliyekubali kubaki.

Ndani ya gari ndipo nilipoona mizigo. Bi Somoe alikuwa ameongeza boksi la unga wa muhogo, dagaa na mchele. Nikamwambia hilo halipandi, kaunta ikiwa imefungwa hakuna wa kupokea mzigo, atapanda na cha mkononi peke yake. Akalifunika kwa kanga kana kwamba nitalisahau. Halafu nikaona kitu kingine, kimefungwa shuka jeupe, mzee amekipakata kama mtoto.

"Mzee, tulisema begi moja."

"Hili ndilo begi langu. Hii siyo mzigo, hii zawadi."

Akafunua pembe ya shuka. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ya mpingo mweusi unaong'aa, amechonga mabibo na korosho kuzunguka kiti chote, kazi ya miezi. Sijaona nyingine kama ile. Na mbele yake, umesimama kwa fahari, ule ulimi wa chuma wenye meno. Mtwara waliipakia tumboni mwa ndege bila shida. Hapa kaunta ikifungwa ingebidi ipite mkononi, na hakuna askari duniani atakayempitisha mtu na kile chuma. Nilitazama saa, nikamhimiza dereva.

Barabara ya Pugu siku ile ilikuwa kama siku zake zote. Tulifika kaunta saa tisa na dakika thelathini na tano. Sista wa kaunta alikuwa anakusanya karatasi zake. Alitutazama, akahesabu kwa macho.

"Mnasafiri wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Ameshajiandikisha, karatasi yake hii hapa. Hana begi la kupakia. Tunaomba umtazamie viza tu."

Alisitasita, kisha akamwona mzee, akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, na Bi Somoe naye akaitikia, na watu wazima wote waliobaki wakaitikia mmoja baada ya mwingine, na binti wa watu akalazimika kuwasubiri. Alitazama viza, akagonga muhuri. Halafu kalamu yake ikaelekea kwenye shuka.

"Hiyo nini, baba?"

Mzee akafunua. Sista alitazama muda mrefu, naona hata yeye aliipenda.

"Baba, hii haipiti mkononi. Na mzigo nimeshafunga, mfumo haupokei tena. Labda ung'oe hiki chuma, mti upite."

"Hakitoki," akasema mzee. "Nimekigonga misumari ya kupitiliza na kuikunja huku nyuma. Nilitaka kisitoke."

Mjomba aliyesoma dua alijaribu kwa mikono, akajikata kidole. Mzee aliikumbatia ile mbuzi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona macho yake yamelowa. Alisema hawezi kwenda kwa mtoto mikono mitupu. Hawezi. Alimchongea tangu alipopewa habari za posa. Sista akasema kwa sauti ndogo kwamba mlangoni wameshaanza kuita watu. Kosa lilikuwa langu, kama asingepelekwa Pugu ile mbuzi ingekuwa imeshapakiwa saa saba mchana, na wote pale tulijua.

Bi Somoe akapita mbele, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kaka yake.

"Issa. Utamshikaje mkono mume wa mtoto, umekumbatia mbuzi?"

Mzee akaitazama mikono yake.

"Mikono mitupu ndiyo inayotakiwa huko. Nipe. Nitaitunza mie, ataipeleka mwingine. Nenda, kaka yangu. Sisi ndio tuliokuchelewesha, usituache na hili mioyoni."

Mzee akaachia kidole kimoja kimoja. Bi Somoe akaipokea, akaiegemeza kiunoni kwake, na kwa mkono mwingine akajifuta uso kwa haraka ili tusione. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kuficha.

Kisha wakataka kumuaga. Mmoja wao alishaanza kupanga mstari. Nikatazama ile foleni ya watu kumi na tisa, nikajua kila mmoja ana usia wake, na nikapata sauti ambayo hata mahujaji hawajawahi kuisikia kwangu.

"Tunamuaga kwa jumla!"

"Kwa jumla ndiyo nini?" akauliza shangazi mmoja.

"Nyanyueni mikono wote, semeni mara moja, aondoke!"

Wakanyanyua. Uwanja mzima uligeuka kutazama watu kumi na tisa wanaosema safari njema kwa pamoja. Mzee Nandonde akaenda nusu anatembea nusu anakimbia, begi dogo mgongoni, mikono inaning'inia kana kwamba hajui pa kuiweka. Saa kumi na dakika tano akapiga simu. "Nimekaa kwenye kiti," akasema, akakata.

Mbuzi ilikaa Pugu mwezi mzima mpaka alipopatikana msafiri, ikapakiwa tumboni kama inavyotakiwa. Nasikia kabla ya hapo ilikuwa imeshakuna nazi za mtaa wote, kwa kisingizio cha kuijaribu.

Ijumaa jioni Zaituni akanitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa ofisini peke yangu, nikausikiliza nimesimama. Anasema baba yake alimshika bwana harusi mkono muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana, anaupindua, anautazama kiganja, kama mtu anayechagua gogo la kuchonga, ndipo akatamka. Kabla ya hapo shehe wa kule alikuwa ameuliza, kwa adabu tu, upande wa mwanamke yuko nani. Pale chumbani alikuwepo baba peke yake. Akasema wapo, akaanza kuwataja. Alianza na "dada yangu Somoe, yuko Pugu", akaendelea mpaka wakatimia wote kumi na tisa, kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake, hakuruka hata mtoto. Shehe akatazama saa. Alipowamaliza akasema amebakia mmoja, akanitaja wa ishirini: binti yetu Perpetua Nandonde, wa Kinondoni.

Mimi ni Mnyakyusa, na nakaa Kibamba. Aliporudi kutoka Maskati alipita ofisini kunisalimia kabla ya kwenda Pugu, tukaongea saa nzima, na sikumsahihisha.